Sufuria Zilizorudi na Vidonge

Pasua, Moshi
Jumapili, baada ya misa ya pili

Kwako Baba,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake, na umwambie nimeanza na wewe kwa sababu tu habari yenyewe inamhusu dada yako. Natumaini mvua za Mpanda zimewaachia njia ya kupita, na kwamba kifua cha Mama kimetulia tangu alipoacha kupikia kuni mbichi. Pendo je, meno yake ya mbele yameshaota, au bado anacheka akiwa ameziba mdomo? Sisi huku ni wazima. Nimeandika neno hilo nikalitazama kidogo, maana wiki mbili zilizopita nisingeweza kuliandika.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu Shangazi anakaa karibu yangu, na mimi nikiulizwa habari nasema "nzuri" hata kama si nzuri. Wewe mwenyewe huwa unasema kuongea na mimi kwenye simu ni kama kuongea na mlango. Kwenye karatasi ule mlango unafunguka kidogo. Shangazi anajua naandika. Ameniruhusu nikueleze yote, kwa sharti moja ambalo nitalitaja mwishoni.

Unakumbuka tulivyokuambia kwamba upasuaji wa goita ulikwenda vizuri. Hilo lilikuwa kweli. Ule uvimbe aliouficha kwa kitambaa miaka yote umeondoka, na mahali pake pana kovu jembamba linalozunguka shingo kama mkufu. Siku bandeji ilipotolewa Shangazi aliomba kioo, akalikagua kovu kwa muda mrefu kama anavyokagua ukosi wa shati, halafu akasema, "Aliyeshona hapa ni fundi. Hajaruka hata mshono mmoja." Ndiyo sifa kubwa kuliko zote ninazozijua kutoka kinywani mwake. Mimi sijawahi kuipata.

Alirudi nyumbani na dawa za aina mbili. Moja ni kidonge kidogo cha kila asubuhi, cha kufanya kazi ya tezi iliyotolewa. Nyingine ni vidonge vikubwa vyeupe vya kalsiamu, vya kumeza mara tatu kwa siku. Muuguzi alituambia sisi wote wawili kwamba visikatishwe. Shangazi akavihamishia kwenye kopo lake la vifungo, akaliweka juu ya meza ya cherehani.

Kisha wakaanza kuja watu kumjulia hali. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na nikieleza utaona kwamba mbegu yake ilipandwa Marangu kabla mimi sijazaliwa. Ulinisimulia jinsi Bibi alivyokutuma ukiwa mdogo urudishe kibuyu cha maziwa kwa jirani, ukakitikisa njiani, ukakuta ndani kuna yai moja. Ulipomuuliza Bibi alisema chombo cha mtu hakirudi kwao na njaa. Shangazi alilelewa na Bibi huyo huyo. Ukimletea kitu kwenye bakuli, bakuli litarudi na ndizi mbili, au chumvi, au hata vipande vya kitenge vya kutengenezea mwanasesere. Tangu nihamie hapa sijaona chombo kikitoka mlangoni kitupu.

Lakini safari hii alikatazwa kwenda sokoni na kuinua vitu vizito, na mimi nilikuwa shuleni mchana kutwa. Nyumba haikuwa na kitu cha kutia kwenye vyombo vya watu.

Wa kwanza alikuwa Mama Zuhura, anayeuza vitumbua nyumba ya pili kutoka kwetu. Alileta sufuria ya mtori wa ndizi na nyama, ambao Shangazi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuupika. Akakaa kitandani, akawa anasugua magoti.

"Haya magoti, fundi, ni kama mtu ametia mchanga kwenye maungio. Nikichuchumaa jikoni kuinuka ni kesi."

"Mimi hapa nimepewa dawa ya mifupa," Shangazi akasema. "Nyingi tu. Zinanishinda."

Sufuria ile ilirudi ikiwa imeoshwa, na ndani yake vidonge sita vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Mimi ndiye niliyeibeba.

Baada ya hapo sifa za dawa zikatembea. Siku ya pili likaja bakuli la uji, likarudi na vidonge. Likaja dumu la mtindi, likarudi na vidonge kwenye kifuniko. Babu Viatu, yule mzee anayeshona viatu pale kona, ambaye ujana wake aliumaliza akiwabebea wageni mizigo mlimani, alileta parachichi tatu kwenye kofia. Akaondoka na vidonge kwenye kofia, kwa ajili ya mgongo.

Baba, niliona yote haya. Nilijua vidonge ni vya nani. Lakini nilimtazama anavyovikunja kwenye gazeti, kwa vile vidole vyake vinavyokunja kila kitu kama pindo, nikaona ni jambo zuri. Nilifikiri labda madaktari humpa mtu dawa za ziada. Na hata kama nisingefikiri hivyo, nisingesema. Unanijua.

Mwishoni mwa wiki hiyo Shangazi alianza kusugua midomo.

"Sisimizi wanatembea hapa," alisema, akionyesha kuzunguka mdomo. Kesho yake sisimizi wakahamia kwenye ncha za vidole. Akasema ni kwa sababu cherehani imekaa muda mrefu bila kuguswa na mikono imesahau kazi. Alikuwa na magauni meupe ya wasichana wa kipaimara parokiani, alikuwa ameahidi kuyamaliza, na Shangazi hajawahi kumwambia mtu njoo kesho. Mimi nilifungua kitabu changu cha biolojia nikatafuta kalsiamu. Nikakuta mistari miwili tu: inajenga mifupa na meno. Hapakuwa na neno juu ya sisimizi. Nikafunga kitabu.

Alhamisi nilitoka shule, nikafika kwenye kona ya Babu Viatu, na sikusikia cherehani. Kwa kawaida huwa naisikia kutoka pale. Nikakuta Shangazi amekaa kwenye kiti chake, kitambaa cheupe mapajani, mkasi mkononi. Nilimsalimia. Hakuitikia. Ndipo nikaona kwamba hakuwa ameushika mkasi. Mkono ulikuwa umejifunga wenyewe juu yake. Vidole vilikuwa vimenyooka na kubanana pamoja, kiganja kimekunjwa kuelekea ndani, na kidole gumba kimelala katikati, chini ya kishikio.

"Usiniguse," alisema polepole. "Ukigusa unavuta zaidi."

"Unauma?"

"Kuuma ni neno dogo, Fransi."

Nimekaa na Shangazi miaka mitatu. Nilimwona akishona siku aliyojichoma sindano ikapita ukuchani, akafunga kidole kwa kitambaa na kumaliza suruali. Kwa hiyo aliposema vile nilitoka mbio bila kuvua begi la shule. Mama Zuhura aliita bajaji ya mtoto wa dada yake, tukampakia na mkasi wake, maana haukutoka.

Hospitalini alitupokea daktari kijana, mwanamke, mfupi kama mimi. Nitamweleza kidogo kwa sababu tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria sana. Hakuuliza swali lolote kwanza. Alipiga magoti mbele ya Shangazi, akaanza kuulegeza mkono polepole kwa maji ya uvuguvugu, akiongea naye juu ya magauni, mpaka mkasi ukateleza kwenye taulo. Akauinua, akasema, "Mkasi mzuri huu. Wa kwangu nyumbani haukati hata uzi." Shangazi akacheka, katikati ya maumivu yale.

Halafu alifanya jambo ambalo sijalisoma popote. Alimvalisha kipimo cha presha kwenye mkono wa pili, ule mzima, akakijaza upepo, akakiacha hivyo bila kukifungua. Tukasubiri. Dakika hazikufika tatu. Mkono mzima ukaanza kujikunja mbele ya macho yetu, kidole kwa kidole, ukawa kama mwenzake. Daktari akafungua upepo haraka, akamwomba radhi.

"Mama, kalsiamu kwenye damu yako imeshuka sana. Vile vidonge vyeupe unavimeza?"

"Navimeza vyote, daktari. Asubuhi, mchana, jioni."

"Hujaruka hata siku moja?"

"Hata moja."

Daktari akakunja uso. Akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwetu, kwamba ikiwa mgonjwa anameza vyote na bado imeshuka hivi, basi kuna jambo lingine, labda dawa haiingii mwilini, itabidi watafute, na vipimo viwe vingi zaidi. Akachukua kalamu aandike.

Baba, nilisimama pale nikihisi sisimizi kwenye midomo yangu mwenyewe. Nilikuwa najua. Mle chumbani mtu pekee aliyejua mbali na Shangazi nilikuwa mimi, na Shangazi alikuwa ananitazama, na macho yake yalisema nyamaza. Sijawahi kumpinga mtu mzima mbele ya mtu mzima mwingine. Darasani hata jibu nikilijua siinui mkono. Nilitazama kalamu inaanza kuandika jambo lisilo la kweli, na nikafikiri kwamba karatasi ile ikishaandikwa vibaya, kila atakayeisoma atafuata kosa.

"Hamezi," nikasema.

"Nini?" daktari akauliza.

"Hamezi. Anavigawa."

"Anavigawa kwa nani?"

"Kwa majirani. Anaweka kwenye sufuria zao."

Daktari akaweka kalamu chini. Shangazi akasema jina langu lote, Fransiska. Huwa ananiita hivyo nikiwa nimeunguza kitu.

"Kwenye sufuria," daktari akarudia.

"Na kwenye kofia moja," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kusema kweli na sikujua pa kuishia.

Yule daktari aligeuka dirishani, na niliona mabega yake yakitikisika. Alipogeuka tena alikuwa amejikaza. Akamwambia Shangazi, kwa heshima kabisa, "Mama, mimi kwetu ni Kilema, kule mlimani. Bibi yangu naye harudishi chombo kitupu. Lakini leo ungenirudishia mimi maiti."

Walimwekea kalsiamu kwenye mshipa, taratibu sana, mashine ya moyo ikiwa imeunganishwa, na muuguzi hakutoka pembeni. Daktari alinieleza kwa nini ni taratibu: ikiingia haraka moyo unaweza kuvurugika. Nikamwambia kwamba kitabu changu kinasema kalsiamu ni ya mifupa na meno. Hakunicheka. Alivuta kiti akakaa.

Alisema mifupa ni ghala tu. Kiasi kidogo kinachotembea kwenye damu ndicho kinachofanya mishipa ya fahamu na misuli itulie, kama komeo la mlango. Komeo likilegea, upepo mdogo tu unafungua mlango, na misuli inajikaza bila kuamriwa. Kwanza ganzi, kisha mikono na miguu, na mwisho koo, na hapo mtu anakosa pumzi. Shingoni nyuma ya tezi kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele, kazi yao ni kulinda kiasi hicho, na baada ya upasuaji mara nyingine vinapatwa na mshtuko na kuacha kazi kwa muda. Vile vidonge vilikuwa vinashika zamu yao mpaka viamke.

"Kwa hiyo haikuwa dawa ya mifupa," nikasema.

"Ilikuwa dawa ya komeo," akasema.

Nikamuuliza juu ya Mama Zuhura. Akasema magoti yanayouma hivyo mara nyingi ni maungio yaliyolika, na kalsiamu haiyajazi, aje apimwe. Nikamuuliza juu ya Bibi, ambaye mgongo wake unazidi kupinda kila Krismasi. Akasema kwa Bibi huenda ni mifupa yenyewe imepungua, na kwa mtu kama huyo vidonge vingeweza kusaidia, ila baada ya vipimo. Maumivu matatu, Baba, dawa moja, na majibu matatu tofauti. Nikahisi kama mtu aliyekuwa anatazama mlima kutoka dirishani, kisha akagundua una upande wa pili.

Mwisho nikamtaja Babu Viatu. Nikasema mgongo wake unauma upande mmoja, chini ya mbavu, na maumivu huja kwa vipindi mpaka anatapika. Daktari akaacha kutabasamu.

"Alishawahi kuambiwa ana mawe kwenye figo?"

Nikakumbuka. Alikuwa ametueleza mwenyewe, kwa fahari, kwamba akiwa mpagazi alikuwa hanywi maji njiani ili asisimame, na sasa ana mawe ya kwake mwenyewe ya mlimani.

"Mengi ya mawe hayo yametengenezwa kwa kalsiamu," alisema. "Mwambie asimeze hata kimoja mpaka nimwone. Mwambie leo."

Nilirudi Pasua jioni ile, jua bado lipo, nikaenda mpaka kona. Nilimkuta anapigilia kisigino. Nikamsalimia shikamoo, nikasimama. Kawaida huwa napita.

"Marahaba. Leo umesimama, mwalimu? Kiatu kimekatika?"

Huwa ananiita mwalimu kwa sababu ya vitabu. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza, akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa kile kipande cha gazeti. Vidonge vilikuwemo vyote bado. Alikuwa anavitunza mpaka mgongo uume sana.

"Miaka mitatu unapita hapa," alisema, "sijakusikia ukisema maneno kumi. Kumbe unayaweka akiba."

Ijumaa nilirudi wodini. Mkono wa Shangazi ulikuwa umelala juu ya shuka, wazi, vidole vimetawanyika. Nilikaa. Hakunitazama.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu sufuria ya kwanza."

"Na ukanyamaza."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa hiyo tumekosa wawili. Mimi kwa kutoa, wewe kwa kunyamaza." Halafu akanyoosha ule mkono akanirekebisha ukosi wa shati la shule, na hapo nikajua nimesamehewa. Nilitamani kulia lakini palikuwa na watu.

Sasa yuko nyumbani wiki ya pili. Vitezi vimeanza kuamka, daktari anasema, na vidonge anavimeza mbele yangu. Nimechora jedwali kwenye daftari na yeye anatia alama. Kila jioni anachukua kipande kimoja cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye magauni, anashona mstari mmoja kwa mkono chini ya ule wa jana yake, ili aone kama vidole vimerudi. Magauni yenyewe yamemaliziwa na fundi mwenzake. Ilimuuma kuyatoa, ila aliyatoa.

Jana Mama Zuhura alikuja na ile ile sufuria. Ilikuwa imejaa mchicha na dagaa, maana nilimwambia dagaa wana kalsiamu na sasa amekuwa nesi. Aliiweka mezani, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Fundi, nisikilize. Hii sufuria irudi tupu. Nikikuta hata punje ya chumvi, tutagombana mimi na wewe, na wewe mgonjwa nitakushinda."

"Wewe Mama Zuhura, unanifundisha adabu nyumbani kwangu?"

"Nakufundisha. Ulinifundisha mtori, mimi nakufundisha kupokea."

Tulipomaliza kula, Shangazi aliiosha mwenyewe. Aliikausha, akaigeuza, akaitazama ndani kama kisima. Akafungua kabati, akafunga. Akashika limau, akaliweka chini. Kisha akanipa sufuria, akageuka ili asinione nikitoka nayo. Baba, ni hatua chache tu hadi nyumba ya pili, lakini sijawahi kubeba kitu kizito kama ile sufuria tupu. Nilifikiri juu ya wewe na lile yai. Mama Zuhura aliifunua, akaangalia ndani, akaifunika. Hakucheka. Alisema tu, "Amejitahidi."

Sasa naomba, ukipiga simu, usimgombeze. Ameshagombezwa na damu yake mwenyewe. Na usimwambie mtu huko kwamba alidanganya, mwambie alitoa. Nimekaa naye miaka mitatu nikimwona ni mtu anayeshona vizuri, na nilikuwa sijui kwamba kwa ndani mtu anaweza kushikiliwa na kitu kidogo kama chembe ya chokaa, na bado akatoa chembe zake. Alikosea, lakini nikikua nataka nijue mengi kama yule daktari na nitoe kama Shangazi, na nipate akili ya kujua lini sufuria irudi tupu.

Nisalimie Mama, umwambie mchuzi wake wa karanga ninaujaribu na bado unanishinda. Nisalimie Pendo na meno yake. Nisalimie jirani yenu fundi wa kuchomelea, aliyenipa kalamu nilipoondoka. Ndiyo hii ninayoandikia. Bibi wa Marangu anawasalimu, amesema migomba imezaa na kwamba Krismasi mje.

Na lile sharti la Shangazi ni hili. Aliponiona natoa karatasi aliniambia bahasha nayo ni chombo, na hii haikatazwi na Mama Zuhura. Kwa hiyo utakuta humu kipande cha kitambaa cheupe. Kitazame kuanzia juu. Mstari wa kwanza umepinda kama njia ya mfereji kule kihambani, kwenye migomba ya Bibi, na uzi umekatika mara mbili. Wa tatu umetulia kidogo. Wa jana, wa mwisho kabisa chini, uweke kwenye ukingo wa meza uupime.

Umenyooka.

Mwanao,
Fransiska